Mungu si Athumani, wala si mpambe wako

Siku hizi methali hii husemwa baada ya ushindi. Kesi ya kiwanja imekwisha, bosi mnyanyasaji amefukuzwa, mke mwenza ameachika: mara picha imewekwa kwenye simu, na chini yake maneno ni yaleyale, Mungu si Athumani. Imechapwa kwenye kanga, imebandikwa nyuma ya daladala, imekuwa kipande cha mipasho. Kanga na daladala sizilaumu, maana zimehifadhi methali nyingi ambazo vitabu vimezisahau. Ninachokipinga ni maana inayosafirishwa humo: kwamba Mungu ameingia katika ugomvi wetu, ameshika upande wangu, na mwenzangu amekiona cha mtema kuni.

Niliwahi kusimama asubuhi mbele ya vibanda vya mitumba vilivyoungua usiku. Marobota yalikuwa yamegeuka majivu mazito yaliyoloa maji, na kilichobaki kikitambulika ni zipu na vifungo vya suruali za jinzi. Mwenye kibanda alikuwa amechuchumaa akichokoa kwa kijiti, anatafuta kopo la chenji. Jirani yake, ambaye moto haukumfikia na ambaye walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa kibaraza, alipita akasema kwa sauti ya kutosha kusikika: Mungu si Athumani. Yule wa majivu hakuinua kichwa. Sisi wengine tuliokuwapo hatukumkemea aliyesema, kwa sababu masikioni mwetu maneno yale yalikuwa na harufu ya dini.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Wengi tunaifasiri methali hii kama ulinganisho. Athumani ni mtu, ana upendeleo na kinyongo, husahau na hununulika. Mungu ni mwadilifu kuliko yeye. Si uongo, ila ni nusu ya maana. Ufasiri huo unamwacha Mungu kwenye benchi moja na Athumani, hakimu miongoni mwa mahakimu, tofauti yake ni macho makali zaidi na mkono mrefu zaidi. Kwa anayeisoma hivyo, kisasi kinabaki kilekile, kimebadilishiwa mtekelezaji tu.

Mimi nasema methali hii inakana, hailinganishi. Wapo wanaomtafuta Athumani katika tarikh; siwafuati huko. Kwangu ni jina la mtaani, la yeyote mwenye ufunguo wa kitu ninachokihitaji. Na kama Mungu si Athumani, basi si Athumani dhidi yangu, na wala si Athumani kwa ajili yangu. Kipande hiki cha pili ndicho tunachokikata kila tunapoisema.

Ukanushaji huu una ukoo mkubwa. Katika vyuo vingi vya pwani mtoto huhifadhi sifa ishirini za Mwenyezi Mungu kabla hajajua kugawanya kwa tarakimu mbili, na ya nne kati ya hizo ni mukhalafatu lil-hawadithi, kwamba Yeye hafanani na chochote kilichoumbwa. Mtoto anaiimba, anakua, kisha anaiacha chuoni. Myahudi Musa bin Maimuni, aliyezaliwa Cordoba na kufariki Misri mwaka 1204, aliandika kwa Kiarabu kwamba njia salama ya kumsema Mungu ni kusema asivyo, kwa kuwa kila sifa tunayompachika tunaikata kutoka nguo zetu wenyewe. Wazee waliotuachia methali yetu hawakuhitaji kumsoma ili wafike hapo.

Ndugu wa karibu kabisa wa methali hii ninayemjua katika maandiko yuko kwenye Hesabu, kitabu cha Torati. Balaki, mfalme wa Moabu, aliwaogopa Waisraeli, akamwajiri Balaamu aje awalaani kwa malipo. Wakajenga madhabahu saba, juu ya kila moja wakatoa ng'ombe dume na kondoo dume. Laana haikutoka. Balaki akamhamishia mtu wake kilele kingine, madhabahu saba nyingine, ng'ombe saba wengine. Haikutoka. Akamhamisha tena mara ya tatu. Ni katika jaribio la pili ambapo yule mlaani wa kukodi alitamka kwamba Mungu si binadamu hata aseme uongo au abadili nia. Tazama yalisemwa wapi maneno hayo: kinywani mwa mtu aliyelipwa ili amtie Mungu upande mmoja.

Balaki hajafa. Anatoka kwa mganga, anakwenda kwa sheikh kutaka asomewe halbadiri, yale majina ya watu wa Badri, ili fulani apatwe. Asipoona kitu, anahamia kwenye mkesha wa maombi ambako maadui wanateketezwa kwa moto na uchawi unarudishwa kwa aliyeutuma. Mwingine hahami, anakaa na Zaburi ya 109 usiku baada ya usiku, akiweka jina la shemeji yake mahali pa adui. Nawaheshimu wanaosoma halbadiri kwa sababu wameibiwa na hawana polisi wa kuwasikiliza. Unyonge wao ni wa kweli. Lakini kuhama kilele hadi kilele kutafuta mahali ambapo Mungu atakubali kuwa wetu peke yetu ni kuikana methali huku tumeivaa kiunoni.

Kisa kinachonisumbua zaidi, hata hivyo, ni cha Nabii Yunus, ambaye Wakristo humwita Yona. Wayahudi hukisoma kisa chake kizima alasiri ya Yom Kippur, siku ya toba. Qur'ani ina sura yenye jina lake, na inasema alitumwa kwa watu laki moja au zaidi, wakaamini, wakaachwa wastarehe kwa muda. Biblia inawahesabu watu wa Ninawi, mji aliotumwa kwenda, kuwa zaidi ya 120,000, nayo ndiyo inayoeleza hasira ya nabii baada ya mji kusamehewa. Alitoka mjini, akajijengea kibanda upande wa mashariki, akakaa kungojea aone yatakayoupata. Mungu akaotesha mtango umpe kivuli. Alfajiri buu akautafuna ukanyauka, jua likampiga, akataka kufa. Ndipo akaulizwa: unauhurumia mtango ambao hukuutaabikia, nami nisiuhurumie mji mkubwa wenye watu wote hawa, na wanyama pia? Kitabu kinakwishia kwenye swali hilo. Jibu la nabii halikuandikwa.

Yona hakuwa mjinga wa dini. Alisema mwenyewe kwamba alikimbia tangu mwanzo kwa sababu alijua Mungu ni mwingi wa huruma. Alipookolewa tumboni mwa samaki hakuilalamikia huruma hiyo hata kidogo. Alichotaka ni Mungu ambaye kwake si Athumani, ila kwa Ninawi awe Athumani mwenye kinyongo kirefu. Nikiwasikiliza watu wa kizazi changu wakiomba, naona wengi wetu tumekaa kwenye kibanda kile, tunautazama mji wa mwenzetu.

Magofu ya Ninawi yamo ndani ya Mosul ya leo, Iraq. Juu ya sehemu yake palikuwa na msikiti wa Nabii Yunus, mahali ambapo watu waliamini kuwa ndipo alipozikwa, na Waislamu na Wakristo walipaheshimu. Julai 2014 wapiganaji wa Dola ya Kiislamu waliulipua. Watu walioamini Mungu ni wa kwao peke yao walibomoa kaburi la nabii aliyefundishwa, kwa uchungu mwingi, kwamba sivyo.

Mkristo ana haki ya kunisimamisha hapa. Imani yake inasema Mungu alifanyika mtu; Mtaguso wa Kalkedoni, mwaka 451, ulitamka Kristo ni Mungu kweli na mtu kweli, bila hali hizo mbili kuchanganyika. Je, si hapo Mungu alipokuwa mmoja wa akina Athumani? Mwislamu hakubaliani na imani hiyo, nami siandiki ili kuwapatanisha. Naomba tu Mkristo amtazame mtu huyo anayemwamini. Alifundisha kwamba jua huwawakia wema na waovu, na msalabani aliwaombea waliomsulubisha. Hata katika dini inayomsogeza Mungu karibu na mwanadamu kuliko zote, akija hashiki kinyongo cha mtu. Anayeisema methali kwa kejeli akitoka ibadani Jumapili hajapata ruhusa kutoka kwa huyo.

Wanyarwanda nao wana msemo kwamba Imana, yaani Mungu, hushinda kwingineko, usiku akarudi kulala Rwanda. Kama ni shukrani ya mkulima kwa milima yake na mvua zake, ni msemo mzuri sana. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, watu walikimbilia makanisa ya Ntarama na Nyamata, wakauawa humo humo, na wengi wa waliowaua walikuwa Wakristo kama wao. Manusura wamebaki wakiuliza Imana alilala wapi. Mtu wa nje hana ruhusa ya kuwajibia. Ninachoweza kusema ni kwamba imani ya kuwa Mungu ana kwao, na kwao ni kwetu, haikuuzuia mkono wowote.

Najua nitakachoambiwa: unamnyang'anya mnyonge silaha yake ya mwisho. Aliyedhulumiwa shamba, asiye na wakili wala ndugu serikalini, umwambie pia asifurahi haki ikimfikia? La. Afurahi, ashukuru, apige vigelegele. Waliotunga dua la kuku halimpati mwewe walikuwa wamekaa upande wa mwewe, na methali yetu ni jawabu kwao. Ila kushukuru kwamba nimerudishiwa shamba si sawa na kushangilia kwamba nyumba ya mwenzangu imeungua. Shamba ni haki yangu. Moto wa mwenzangu sijui umetoka wapi, na nikimhesabia Mungu kuwa ndiye aliyeuwasha kwa ajili yangu, nimemsingizia.

Tena naona tumekosea hata msikilizaji. Tunaisema kwa aliyekwisha kuanguka, wakati anayeihitaji ni aliyesimama: afisa wa ardhi mwenye muhuri, mwajiri anayeshikilia mishahara ya miezi, imamu au mchungaji anayegawa misaada kwa kuangalia nyuso. Huyo anaweza kuzisikia habari za Mungu asiyependelea na bado akapata muda wa kugeuka. Mtume Muhammad alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen, alimwagiza achukue zaka kwa matajiri awape maskini, asiwachagulie watu mali zao bora, na aogope dua ya aliyedhulumiwa, kwani hakuna pazia kati ya dua hiyo na Mwenyezi Mungu. Muadh alikuwa ndiye mwenye mamlaka, na aliambiwa hayo kabla hajaondoka Madina, akiwa bado hajamdhulumu mtu yeyote huko Yemen.