Punda wa Nne

Kwetu Bariadi neno "wakala" lina harufu ya pamba. Wakala ni yule anayekaa nyuma ya mizani msimu wa ununuzi ukifunguliwa, akinunua kwa niaba ya tajiri ambaye mkulima hajawahi kumwona. Ukilalamikia bei, anakuambia bei imetoka juu. Ukilalamikia mizani, anakuambia mizani si yake. Watu wa Simiyu tumekua tukisikia malalamiko hayo, na wengi wetu tunaamini kabisa kwamba katika hadithi hiyo sisi ni upande wa wanaopunjwa.

Mwezi wa nane mwaka jana niligundua kwamba tajiri asiyeonekana anaweza kuwa mimi.

Tulikuwa watu sita, walimu na wafanyabiashara wa mjini, tuliochangishana pesa kwa mwaka mzima. Hifadhi ya Serengeti iko mlangoni kwetu, lakini wengi wetu tunaijua kwa tembo wanaovuka mpaka na kumaliza mahindi. Tukasema safari hii sisi ndio tuvuke. Tungetoka Bariadi hadi Lamadi, tuingie geti la Ndabaka, tukatize Serengeti kwa Seronera na Naabi, kisha tupande nyanda za juu za Ngorongoro. Hatukutaka kuishia ukingoni mwa kreta, kwenye mita 2,300 hivi, kupiga picha na kugeuza. Tulitaka kwenda mbele zaidi, kule magari ya watalii yanakopungua: tuanzie Nainokanoka kwa miguu, tupite Bulati hadi kreta ya Empakaai, halafu tuteremke kuelekea Ngare Sero, karibu na Ziwa Natron, gari litusubiri huko.

Safari ya namna hiyo hujipangii mwenyewe. Kuna vibali, kuna askari wa hifadhi mwenye bunduki ambaye lazima aongozane na wanaotembea kwa miguu, kuna gari, kuna punda wa kubeba mahema na chakula. Kwa hiyo unatafuta wakala. Wenzangu wakanipa kazi hiyo kwa sababu, eti, mimi najua kuongea.

Kweli niliongea. Kampuni ya kwanza ilinitumia mchanganuo mrefu, kila kitu na bei yake, punda wanne wakiwemo. Ya pili ilinipa bei moja tu, chini kidogo. Nikampigia huyo wa pili nikamwambia, "Ndugu yangu, wenzako wamenipa chini ya hapo." Ulikuwa uongo. Ule uongo wa sokoni ambao hakuna anayeuita uongo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mwalimu, kwa kuwa ni wananchi wenzetu, natoa elfu thelathini kila kichwa." Vichwa sita, laki na themanini. Jioni hiyo nilipowapa wenzangu habari walinipigia makofi, na mimi nikayapokea.

Sikujiuliza swali moja la kitoto: hiyo laki na themanini imetoka wapi?

Nimelifanyia hesabu baadaye. Ada ya kuingia hifadhini imepangwa na serikali. Sisi raia tunalipa Sh 10,000 kabla ya VAT, huku mgeni kutoka ng'ambo akilipa zaidi ya dola 60. Hilo ni punguzo halali: nchi ni yetu, na kodi yetu inaitunza. Dizeli ina bei kikomo inayotangazwa na EWURA kila mwezi. Malipo ya askari wa hifadhi yana stakabadhi. Hayo yote wakala hawezi kuyagusa hata akitaka. Kinachobaki ni faida yake mwenyewe, na mtu asiye na stakabadhi. Na wakala akibanwa, mara nyingi hakati faida yake kwanza.

Siku ya pili ya kutembea, kati ya Bulati na Empakaai, nilimkuta huyo mtu. Upepo wa kule juu ni mkali, na sisi watu wa tambarare tulikuwa tunahema kama mvukuto. Mbele yetu alitangulia mzee wa Kimaasai na punda watatu, na nyuma ya punda alikuwa mwanawe, kijana wa miaka ishirini hivi. Mgongoni kwake, imefungwa kwa kamba, ilikuwa spika yetu kubwa ya kuchaji. Juu ya spika, begi langu.

"Kijana," nikamwambia, "kwa nini usiiweke juu ya punda?"

"Punda wamejaa, mwalimu. Tulikuwa tulete wanne. Ofisi ikapiga simu, ikasema mmoja aondoke, wateja wameomba kupunguziwa."

"Wateja gani?"

Akanitazama kana kwamba nimemtania. "Si ninyi?"

Alisema bila hasira yoyote. Ndivyo ilivyo mara nyingi: anayebeba hana muda wa kukasirika, mlima bado uko mbele.

Usiku huo, ukingoni mwa Empakaai, ziwa likiwa limezama gizani chini yetu, tulibishana tukiota moto. Mwenzetu anayefundisha Hisabati alisema jambo ambalo nalo lina uzito wake. "Alilazimishwa? Si aliambiwa bei akakubali? Na kama kila mmoja wetu angelipa bei kamili, nusu yetu tusingekuja. Mtanzania wa kawaida asipopatana bei, hasafiri. Halafu huyo mzee angepata nini? Sifuri."

Nilikuwa sina jibu. Aliyejibu ni mama mmoja mwenye duka la pembejeo, ambaye ana ekari zake za pamba Itilima. Alisema, "Mimi nikishusha robota zangu kwenye mizani, wakaniambia bei, huwa nakubali. Wewe unaita kule kukubali? Nitarudi nazo nyumbani nikazile?"

Moto ukawa ndio unaosema peke yake kwa muda.

Nimeendelea kuutafuna mjadala ule. Naona kukubali kuna aina mbili. Yupo anayekubali kwa sababu amepima akaona inamfaa, na yupo anayekubali kwa sababu njia nyingine zimefungwa. Ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro kilimo hakiruhusiwi. Mzee yule hawezi kusema, basi, mwaka huu nitalima mahindi. Ana mifugo, na ana wageni wanaopita. Tangu mwaka 2022 baadhi ya majirani wa eneo lile wamehamia Msomera, Handeni. Aliyebaki anasubiri simu ya ofisi, na simu ikisema punda watatu, ni watatu.

Na wakala? Ni rahisi kumtupia yeye lawama yote, na sisemi hana lake. Lakini neno lenyewe linatukumbusha: wakala husimama mahali pa mwingine. Mkono wake uliomwondoa punda wa nne ulikuwa umerefushwa kutoka Bariadi, kwenye simu yangu. Kama ningekuwa nimesimama Nainokanoka uso kwa uso na mzee yule, nisingethubutu kumwambia, "Acha punda mmoja, mwanao atabeba spika." Ningeona haya. Umbali ndio ulioniondolea haya. Nadhani hiyo ni sehemu ya huduma tunayoinunua bila kuitaja: tunamlipa mtu ili tusione.

Jambo hili lilipaswa kuwa chungu zaidi kwetu kuliko kwa wengine. Karne ya 19, Wasukuma na Wanyamwezi walibeba misafara ya biashara kutoka bara hadi pwani, mzigo wa kama kilo 30 kichwani au begani, miezi mingi njiani. Walijulikana kwa nguvu, na walijulikana pia kwa kugoma au kutoroka posho ilipopunguzwa. Sisi ni wajukuu wa wapagazi. Tumesahau upesi namna mzigo unavyoonekana kutoka chini yake.

Asubuhi tulichanga. Watano wakatoa elfu thelathini zao, mmoja akakataa, na sikumlaumu kwa kuwa uongo haukuwa wake. Mimi nikaongeza yake. Nikampelekea mzee, mwanawe akitafsiri. Mzee akazipokea, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru sana.

Hapo ndipo nilipoaibika kuliko usiku. Alikuwa ananishukuru kwa kitu chake. Deni likilipwa kwa sura ya zawadi, mdai ndiye anayemshukuru mdaiwa, na mdaiwa anaondoka akionekana mwema. Bahshishi ni nzuri, itolewe, lakini haiwezi kukaa mahali pa ujira. Ujira mtu anaweza kuudai. Bahshishi anaisubiri.

Sijafikia hitimisho kwamba tusipatane bei. Mwalimu wa Hisabati alikuwa na haki nusu: bila kupatana, milima hii itabaki ya wenye dola. Nilichojifunza ni kubadili mpangilio. Kabla ya kusema "nipunguzie", nauliza, "ukipunguza, kinatoka wapi?" Wakala akishindwa kunijibu, nimeshapata jibu. Na kama pesa haitoshi, tuanze kukata vya kwetu: siku moja, kreti ya soda, spika. Hasa spika, bwana. Ukingoni mwa Empakaai tuliiwasha nusu saa tu, tukaizima wenyewe.

Mwaka huu tunapanga kurudi. Kikao cha kwanza tulikifanya nyumbani kwa yule mama wa pembejeo, naye akatoa mizani yake, ile ile anayopimia pamba ili ahakikishe kabla ya kwenda kuuza. Kila mtu alikuja na begi lake, likaning'inizwa, kilo zikaandikwa kwenye daftari. La kwangu lilikuwa zito kuliko yote. Wakaniambia nilifungue mbele yao, nipunguze.