Je, Aliyepasuliwa Hakuzaa?



Siku moja tulikwenda kumjulia hali binti tuliyemfundisha chuo cha ualimu, ambaye alikuwa amejifungua kwa operesheni. Tulimkuta amelala ubavu, mtoto kifuani, uso umejaa furaha. Nasi kwa nia njema kabisa tukamwambia, "Pole sana mwanangu. Mungu akikujalia, safari ijayo utazaa mwenyewe."

Akatutazama kidogo, akajibu kwa adabu, "Mwalimu, kwani huyu nimemwazima?"

Tumefundisha miaka mingi, na ni mara chache mwanafunzi ametusahihisha kwa maneno machache namna hiyo.

Basi tujiulize: mbona twamhesabu mama wa namna hii kuwa amepungukiwa? Wako wasemao ni mvivu wa kusukuma. Wengine, na hawa wamo kanisani mwetu, husema imani yake ilikuwa haba, maana tulimwombea azae salama. Lakini si alizaa salama? Tena wapo wanaoshika sura ya 3 ya Mwanzo, kana kwamba utungu ni ada ambayo kila mama lazima ailipe kamili. Sura hiyo hiyo yataja pia miiba shambani, walakini hatujaona mkulima akiacha kupalilia kwa kuogopa kumwasi Mungu. Na anayedhani kwamba aliyepasuliwa hana maumivu, amwangalie akikohoa siku ya pili.

Wengine hudhani jambo hili ni la Kizungu. Mwaka 1879 Robert Felkin, mmisionari wa CMS aliyesomea utabibu, aliliona kwa macho yake huko Kahura, Bunyoro. Msichana wa miaka kama 20 alinyweshwa pombe ya ndizi. Mpasuaji akanawa mikono kwa pombe hiyo na kuliosha tumbo lake, akapasua, akazuia damu kwa chuma cha moto, akafunga jeraha kwa vijiti vya chuma na uzi wa magome. Siku ya 11 mama alikuwa amepona, na mtoto yu hai. Siku hizo Ulaya wengi waliopasuliwa walikufa. Ndiyo kwanza mwaka 1882 Mjerumani Max Sänger alipoeleza namna njema ya kushona mji wa mimba. Hatusemi turudie chuma cha moto! Twasema tu kwamba jambo hili si la Kizungu peke yake.

Operesheni si jambo dogo, wala haifai kuitaka bila sababu. Ina hatari zake, na mwenye kovu hana budi kujifungulia hospitali mimba ifuatayo, ingawa wengi huweza kuzaa kwa njia ya kawaida daktari akiridhika.

Tulimwuliza binti yetu furaha yake ilitoka wapi. Alisema mtoto alikuwa amekaa kikingamo. Muuguzi akamweleza hivyo, akamwuliza yeye mwenyewe, si mumewe tu, kabla ya kutia sahihi. Alichomwa sindano ya ganzi mgongoni, akawa macho, akasikia mtoto akilia. Saa moja haijatimia, mtoto alikuwa ananyonya. Mwenzake wa kitanda cha pili alipasuliwa vile vile, akapata mtoto mzima vile vile, lakini hakuambiwa neno; shemeji yake ndiye aliyetia sahihi. Huyo alilia siku mbili.

Hapo ndipo tulipofikiri sana. Kisu kilikuwa kimoja; kilichotofautiana ni kama mama alitendewa kama mtu au kama mzigo wa kufunguliwa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mapendekezo juu ya uzazi, halikutaja uhai wa mama na mtoto peke yake, bali pia heshima, kuelezwa mambo, na kuwa na mtu wa kumtegemeza. Na mambo hayo hayaishi mlangoni pa hospitali. Muuguzi yule alikuwa amefanya kazi nzuri, nasi tukaja na pole yetu kuiharibu.

Wiki iliyofuata tulirudi kwake kuomba radhi. Akacheka, akashika tumbo kwa maumivu, akatuomba tusimchekeshe tena. Kwa kuwa alikatazwa kubeba vizito, tulichukua ndoo, tukaenda bombani.