Nukta Hiyo Haihesabu Inchi

Mwanangu, weka msumeno chini kwanza. Hiyo mbao haiendi popote, na mwenye nayo ametulipa nusu ya fedha kwa kutuamini. Nionyeshe tena simu yako. Mteja amepima ukuta wake akapata mita 3.16. Wewe umeigeuza kwa simu, ikakupa futi 10.37. Kisha umekuja hapa ukavuta futi yako na kuchora mstari wa penseli kwenye futi 10, inchi 3 na robo tatu kasoro kidogo. Ungekata hapo, ubao ungepungua robo tatu ya inchi. Ubao mrefu tutaupunguza. Mfupi ni maji yaliyomwagika.

Sikulaumu peke yako. Wenzako wengi wenye mikono mizuri kuliko yako, wanaojua kulainisha mninga ukawa kama kioo, hufanya kosa hilihili, na wala hawajui kwamba ni kosa. Ndiyo maana nataka unisikilize leo, kabla hujawa fundi mkuu mwenye vijana wako mwenyewe wa kuwafundisha vibaya.

Kosa lote limejificha kwenye ile nukta. Unaposoma 10.37 macho yako yanaona namba mbili zilizokaa jirani, 10 upande huu na 37 upande ule, na akili inaharakisha kusema: hizi ni futi, basi zile ni inchi. Siyo. Kinachofuata nukta ni mafungu ya futi ileile, iliyogawanywa kwa kumi na kwa mia. Wazee wetu walikuwa na jina la kila fungu: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, na la kumi wakaliita ushuri. Ukisoma 0.3 sema moyoni "ushuri tatu za futi", usiseme "inchi tatu". Futi ina ushuri kumi, lakini ina inchi kumi na mbili. Kwa hiyo kila ushuri mmoja ni mrefu kuliko inchi: ni inchi moja na sehemu mbili za kumi za inchi.

Mbona kwa masaa hukosei? Nikikwambia safari ya Tanga ni masaa 5.5, hutaniambia ni masaa matano na dakika tano, wala dakika hamsini. Utasema matano na nusu, na nusu ya saa unajua ni dakika thelathini. Akili hiyohiyo ilete kwenye mbao. Futi 5.5 ni futi tano na nusu, na nusu ya futi ni inchi 6. Siyo 5.

Na hapa ndipo hatari ilipo. Kosa hili halianzi kwa kelele. Ukisoma 0.1 kama inchi 1, umepoteza sehemu mbili tu za kumi za inchi, na gundi, plasta au kipande cha ukanda kitaificha aibu. Ukisoma 0.5 kama inchi 5, umepoteza inchi nzima. Ukisoma 0.9 kama inchi 9, umepoteza inchi moja na robo tatu na ushei. Fundi anabahatika mara tatu kwa nukta ndogo, anajenga imani, halafu siku ya nne inakuja 0.9 juu ya mbao ya gharama.

Sasa njia yenyewe. Zile futi nzima ziache kando, usiziguse. Chukua kilichobaki baada ya nukta, zidisha kwa 12. Hapa ni 0.37 mara 12, unapata 4.44. Hiyo 4 ndiyo inchi zako. Kile kinachobaki tena, 0.44, kizidishe kwa 16, kwa sababu futi unayoivuta ina vistari 16 ndani ya kila inchi. Unapata 7 na chembe. Basi alama yako ni futi 10, inchi 4, na kistari cha saba, yaani kimoja kabla ya nusu. Futi nyingine zina vistari vinane tu kwa inchi. Hizo zidisha kwa 8, na usilazimishe jicho likuonyeshe kistari kisichokuwepo.

Ukipata 7.996 je? Kilichobaki mara 12 kinatoa inchi 11.95, na kwa futi ya vistari vinane hiyo imeshafika 12. Andika futi 8, usiandike futi 7 na inchi 12. Nimeiona imeandikwa hivyo ukutani kwa chaki, na aliyekuja kukata akadhani ni 7 na inchi 1 na 2 ya kitu fulani.

Kurudi nyuma ni rahisi zaidi: inchi gawanya kwa 12, halafu jumlisha na futi. Inchi 3 ni 0.25, inchi 9 ni 0.75, inchi moja ni 0.083 na ushei.

Lakini sitaki uwe mtumwa wa simu. Jua nguzo chache kwa kichwa. Robo ya futi ni inchi 3, thuluthi ni 4, nusu ni 6, robo tatu ni 9. Ndiyo sifa ya kumi na mbili, inagawanyika kwa mbili, tatu, nne na sita bila kubakiza kitu, wakati kumi ukiipa watu watatu wataondoka wakinung'unika. Ungezikumbuka nguzo hizo, thuluthi ingekusuta mapema: 0.33 tayari ni inchi 4, sasa 0.37 itakuwaje inchi 3? Na kuna siri nyingine ambayo mimi nimeitumia miaka mingi. Fungu moja la mia la futi, yaani 0.01, linakaribia sana thumuni ya inchi. Kwa hiyo 0.37 naigawa hivi: 0.25 ni inchi 3, yanabaki mafungu 12, hizo ni thumuni 12, nazo ni inchi moja na nusu. Jumla inchi 4 na nusu kasoro kidogo. Sijagusa simu, na tayari najua mstari wako una kasoro.

Unalikalia benchi hilo kila siku wakati wa chai. Hujawahi kuniuliza kwa nini ni refu hivyo. Nilipokuwa na umri kama wako nilipewa kazi ya kutengeneza rafu za duka, ukuta hadi ukuta, zote za mninga. Karatasi ya vipimo ilitoka kwa mtu aliyezoea kupima viwanja, naye aliandika futi 12.8. Mbao za kawaida pale sokoni zilikuwa za futi 12, kwa hiyo tuliagiza za futi 14 kwa makusudi, tukazisubiri. Zilipofika nilizikata zote tisa siku moja kwa futi 12 na inchi 8, nikazipiga randa na msasa, nikaona nimemaliza kazi ya kujivunia. Tulipozipeleka dukani, kila rafu ilielea. Mwanya wa inchi moja na nusu na ushei, rafu tisa, mwanya uleule. Ilitakiwa futi 12, inchi 9 na nusu na zaidi kidogo.

Mwenye duka hakunitukana. Alinyamaza, akaizungusha ile karatasi mkononi, akaniuliza, "Kijana, hukuona nukta?" Niliiona. Nilidhani naijua. Zile mbao nilizilipa kwa kazi, miezi mingi, na nane nilizitumia kwa makabati ya watu wengine. Ya tisa nikaiwekea miguu.

Yule mpima viwanja hakuwa na kosa, nataka ulijue hilo. Wapimaji wa ardhi katika nchi zinazotumia futi huzigawa kwa kumi na kwa mia kwa sababu hesabu za eneo zinakuwa nyepesi, na zipo futi za kupimia zenye alama hizo. Aliandika lugha yake vizuri. Mimi niliisoma kwa lugha yangu bila kumuuliza.

Watu wakubwa kuliko mimi wamepatwa na jambo la jamii hiyo. Kule Uswidi, mwaka 1628, meli ya kivita iitwayo Vasa ilizama bandarini Stockholm katika safari yake ya kwanza kabisa, hata maili moja haijafika. Ilipoibuliwa mwaka 1961 na watafiti wakaichunguza kwa miaka, walikuta ndani yake rula nne za mafundi. Mbili zilikuwa za futi ya Kiswidi, yenye inchi 12. Mbili za futi ya Amsterdam, yenye inchi 11. Mafundi wa meli moja, kila mmoja akisema "futi" na "inchi" kwa moyo safi, na ubavu mmoja wa meli una mbao nene kuliko ubavu wa pili. Kilichoizamisha hasa ni uzito wa juu uliozidi, sitaki kukudanganya kwamba ni rula. Ila fikiria mafundi wale wakipeana vipimo siku nzima na hakuna anayeuliza futi ya nani. Futi tuliyonayo sisi leo ilikubaliwa mwaka 1959 baina ya Marekani, Uingereza na nchi nyingine chache: mita 0.3048 kamili, na inchi milimita 25.4. Urefu wake hauna ubishi tena. Ubishi umebaki kwenye namna tunavyouandika.

Kwa hiyo nakukanya jambo moja kwa nguvu zaidi ya mengine: usitumie nukta kutenganisha futi na inchi. Nawasikia ninyi vijana mkitajiana urefu wenu, "mimi 5.9", "mimi 5.10". Kati yenu mnaelewana. Ila ipe simu 5.10, itaifuta sifuri na kukuambia ni 5.1, mtu mfupi kuliko yule wa 5.9. Kwenye maongezi hakuna aliyeumia. Kwenye vigae ataumia mtu. Chumba cha futi 10 na inchi 10 kwa futi 12 na inchi 11 kina karibu futi za mraba 140. Ukiandika 10.10 mara 12.11, simu itakupa 122 na ushei. Umemnunulisha mama wa watu vigae pungufu kama vitano vya sentimita 60 kwa 60, na akirudi dukani huenda ile rangi imekwisha. Andika neno: futi 10 inchi 10. Wino wa maneno mawili ni bei ndogo.

Na ukipokea karatasi yenye nukta, muulize aliyeandika. Usione haya. Vile vipimo vya leza vya siku hizi navyo vina namna zote mbili, futi zenye nukta na futi na inchi, na aliyekitumia kabla yako huenda amebadilisha. Tazama kioo chake kabla hujakiamini.

Tena, mwanangu, kwa kazi hii ya leo hukuwa na haja ya futi kabisa. Mteja amekupa mita 3.16. Geuza futi yako upande wa chini, kuna sentimita. Weka alama kwenye 316. Kila unapogeuza kipimo umefungua mlango mmoja wa kukosea, na huu umeufungua bila mgeni kubisha.

Futa huo mstari, uchore upya. Ukimaliza, lipime benchi. Utakuta futi 12 na inchi 8. Liandike kwa nukta, sahihi, kisha uniletee karatasi kabla ya chai.