Funda la Maji na Nia ya Mfungaji

Wako siku hizi, hata katika Mji Mkongwe wa Unguja, watu wafungao kwa ajili ya miili yao, wakijinyima chakula saa 16 kati ya 24, na walimu wa njia hiyo huwaruhusu maji, chai ya rangi na kahawa chungu, maadamu havikutiwa sukari wala maziwa, kwa hoja kwamba kisicholisha mwili hakivunji mfungo. Hoja hiyo ni sahihi katika mlango wake. Lakini kwa Waunguja, ambao wengi wao ni wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, saumu ina mizani nyingine kabisa, kwani funda moja la maji, likinywewa kwa makusudi baina ya alfajiri na magharibi, huibatilisha, ilhali aliyesahau akala sahani nzima ya muhogo wa nazi, saumu yake i salama.

Basi tumbo silo kadhi wa jambo hili. Maji hayakukatazwa kwa kuwa yana lishe, bali kwa kuwa ni halali na yanatamaniwa, na mvuvi arejeaye Malindi, papo hapo Mji Mkongwe, adhuhuri, koo limemkauka na hapana amwonaye, huyaacha kwa ajili ya Mola wake peke yake. Nami sijui ibada iliyo mbali zaidi na riya kuliko hiyo. Afungaye kwa afya hakukosa. Ila akitaka na saumu ya sunna ya Alhamisi, kahawa yake na ingoje adhana ya magharibi.