Kusadikisha Siyo Kudanganya

Kijana mmoja wa kwetu anasoma mambo ya biashara. Mwalimu wake anataka kila mwanafunzi aandike karatasi ya kutetea shauri moja: je, bei ya unga ipangwe na serikali, ao iachiwe soko? Kijana akanung'unika: «Mimi nimekuja kujifunza hesabu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kutafuta maneno ya kuvuta watu ni kazi ya mwongo.»

Wasomaji wapenzi, neno lake si la kudharau. Sisi sote tunaomba tuepushwe na kishawishi. Lakini kushawishi na kusadikisha ni mambo mawili. Mwenye kushawishi humficha mwenzake jambo, apate kumvuta. Mwenye kusadikisha humwonyesha jambo, kisha humwacha aamue mwenyewe.

Tutazame mfano katika historia ya nchi yetu. Edmund Dene Morel alikuwa karani wa kampuni ya meli ya Elder Dempster, mjini Liverpool, Uingereza. Meli zake zilisafiri kati ya Anvers na Kongo, iliyokuwa wakati ule chini ya mfalme Leopold II peke yake. Morel alipochungua daftari, aliona ajabu. Meli zilirudi Ulaya zimejaa mpira na pembe za ndovu. Lakini zilizokwenda Kongo zilichukua hasa bunduki na risasi, wala si bidhaa za kuwalipa waliotoa mpira. Basi akafahamu: mali ikitoka na malipo yasipoingia, hapo hapana biashara, watu wanatumikishwa kwa nguvu.

Hesabu hizo zilikuwa za kweli. Je, zilijiuza? Hata kidogo! Zilikaa kimya daftarini mpaka karani alipoandika. Alianza kuandika habari hizo magazetini mwaka 1900, akaacha kazi yake mwaka 1901, akaanzisha gazeti lake mwenyewe mwaka 1903. Mfalme naye alilipa waandishi wamtetee. Pande zote mbili zilijua kupanga maneno. Lakini hao walifunika, naye alifunua. Wamisionari Waprotestanti na konsuli Roger Casement wakaleta ushuhuda wao. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo mikononi mwa Ubelgiji. Taabu za wazee wetu hazikwisha siku ile, lakini uwongo ule haukuweza kusimama tena.

Kijana wetu naye kesho atatunza hesabu za duka, ao za shirika la wakulima wa kahawa. Labda ataona kwamba mkopo unaotakiwa utaliangusha shirika. Akileta tarakimu tupu, wakubwa watapiga miayo na kutia sahihi. Imempasa ajue kuandika: hali ni hii, sababu ni hizi, anayenipinga asema hivi, nami namjibu hivi, basi tufanye hivi. Mtu wa namna hiyo hukabidhiwa kazi kubwa, kwa sababu wenzake wanaweza kuyapima mawazo yake.

Lakini kabla ya kuandika jina lake chini ya karatasi, ajiulize: msomaji wangu akiyajua yote ninayoyajua mimi, ataona nimemtendea haki? Kama sivyo, aipasue karatasi. Kama ndivyo, aandike kwa nguvu zake zote.

Kizuri chajiuza, naam, lakini mahali macho yanapokiona. Kilichofungwa sandukuni chamngoja mtu wa kukifungua.