Rubani na Walio Chini

Injini ya eropleni ndogo ikizimika angani, eropleni haianguki kama jiwe. Mabawa yake yangali yanachukuliwa na hewa, nayo huteleza ikishuka. Cessna ya viti viwili iliyo juu futi 1,000 yaweza kwenda kiasi cha maili moja na nusu kabla ya kugusa ardhi. Rubani mwenye hofu huinua pua yake ili aikimbie ardhi, na huyo ndiye aangukaye. Aliyefundishwa huishusha pua, akaulinda mwendo, akatafuta mahali pa kutua. Huo ni ufundi. Lakini, msomaji, mahali hapo pa kutua ni pa nani?

Tarehe 2 Agosti 2017, eropleni ya namna hiyo, yenye mwalimu na mwanafunzi wake, iliharibikiwa na injini ikatua katika ufuo wa Costa da Caparica, karibu na Lisbon, nchini Ureno. Ufuo ulikuwa na watu wengi waliokuja kuoga na kuota jua. Mwanamume mmoja na mtoto wa kike wa miaka 8 waligongwa wakafa. Wale wawili wa ndani walitoka wazima.

Ungalikuwa wewe, ungalitua mchangani au baharini? Usiharakishe kujibu. Bahari si godoro. Magurudumu ya Cessna ndogo hayakunjiki. Yakikwama majini, eropleni yaweza kupinduka na kuwafungia watu ndani. Wala kupenda uhai si dhambi.

Hata hivyo, mimi naona haki iko upande wa bahari. Apandaye eropleni aijua hatari yake, ameikubali, na kwayo atazamia ujuzi au furaha. Mtoto achezaye mchangani hakukubali kitu, hakuulizwa. Atakuja mwenye hesabu aseme kuwa wawili kwa wawili ni sawa. Sawa hiyo ni ya magunia ya mahindi.

Lakini kumhukumu mtu kwa jambo lililomkabili dakika chache, hali sisi tumekaa vitini na chai mkononi, ni kazi nyepesi mno. Jicho lililoshikwa na hofu huona mchanga, lisiwaone watu. Kwa hiyo uamuzi huu hauna budi kukatwa mapema, eropleni ingali chini na moyo ungali umetulia. Marubani waangalifu hujiambia kabla ya kuruka: injini ikizimika hapa, nitatua pale. Yafaa waongeze: na pale sitatua, hata pakiwa ndipo penye nchi kavu pekee.

Akaaye Kibera au Lang'ata, karibu na uwanja wa Wilson jijini Nairobi, husikia mvumo wa ndege ndogo asubuhi na jioni. Hainui hata macho. Huendelea kuanika nguo zake, akiamini, pasipo kujua kuwa anaamini, ya kwamba mtu asiyemfahamu huko juu amekwisha kumfikiria.