Bastola Nzito na Deni la Mwindaji

Mwanadamu alikuja duniani bila ya kucha wala pembe, akajitengenezea silaha. Na tangu siku hiyo swali moja limemwandama kama kivuli kinavyomwandama mwenye mwili: je, kila analoliweza ni halali yake? Swali hili aghalabu huulizwa juu ya mambo makubwa, kama vita na utawala. Walakini jambo dogo mara nyingine hulionyesha wazi zaidi. Mfano wa jambo dogo la namna hiyo ni desturi ya baadhi ya wawindaji wa Marekani, ambao huacha bunduki ndefu nyumbani wakaingia msituni na bastola iliyoshindiliwa baruti kupita kadiri ya kawaida.

Desturi hiyo ina historia yake. Mwaka 1935 kiwanda cha Smith & Wesson, pamoja na kile cha Winchester, kilitoa bastola na risasi iliyoitwa .357 Magnum, na watu walidhani kuwa mkono wa mtu hauwezi kustahimili zaidi ya hapo. Elmer Keith, mfugaji na mwandishi wa Idaho aliyezaliwa mwaka 1899, hakuridhika. Kwa miaka mingi alijijazia mwenyewe risasi za .44 Special kwa baruti nyingi kuliko walivyothubutu wenye viwanda, akaandika na kuhimiza hata mwaka 1956 .44 Magnum ikaingia sokoni, matunda ya kazi ya Smith & Wesson na Remington. Bastola hiyo hutupa risasi ya gramu 15 na nusu hivi kwa mwendo wa mita zaidi ya 400 kwa sekunde. Mwaka 1971 filamu ya Clint Eastwood, Dirty Harry, iliifanya mashuhuri hata kwa watu ambao hawakupata kumwona kulungu ila katika picha. Baadaye .454 ya Dick Casull, iliyoanza kubuniwa katika miaka ya 1950, ilipata bastola yake mwaka 1983 katika kiwanda cha Freedom Arms huko Wyoming. Na mwaka 2003 ikatoka.500 Magnum, risasi yenye kipenyo cha nusu inchi, katika bastola ambayo ile ya mtutu mrefu ina uzito wa kilo 2. Kila mmoja alitaka kuwa wa mwisho, na kila mmoja akawa ngazi ya mwenzake.

Wanaoitetea desturi hii hawakosi hoja. Hoja ya kwanza ni ya huruma. Risasi dhaifu, husema, humjeruhi mnyama bila ya kumwua. Naye hukimbia na uchungu wake, akafia kichakani baada ya saa nyingi au siku nyingi, nyama yake isimfae mtu. Basi nguvu ni rehema, na anayekwenda kuwinda na silaha hafifu ni mkatili ajapokuwa hana nia ya ukatili. Hoja ya pili ni ya heshima. Bunduki yenye darubini huua mbali hata mnyama asijue kama yuko mtu duniani. Mwenye bastola hana budi kunyemelea, kuusoma upepo, kuyakanyaga majani makavu kwa hadhari, na kusogea mpaka mita 50 au pungufu. Humpa mnyama nafasi ya kunusa, kusikia na kukimbia. Kwa kujinyima nguvu ya mbali, mwindaji huyarudisha mapambano katika hali ya kale, wakati ustadi wa mtu ulipokuwa na thamani kuliko ustadi wa fundi aliyeunda silaha yake.

Hoja hizi mbili ni nzuri kila moja mahali pake, lakini zikikutanishwa hugombana. Ya pili humsifu mtu kwa kuchagua silaha iliyo ngumu. Ya kwanza humshauri kuijaza nguvu ili ugumu upungue. Mtu huacha bunduki kwa kuwa ni rahisi mno, kisha huitafuta bunduki ile ile ndani ya bastola. Zaidi ya hayo, liko jambo ambalo hoja ya heshima hulipita kimya. Mpanda mlima anayechagua njia ya hatari huiweka rehani shingo yake mwenyewe. Mwindaji anayechagua silaha ngumu huiweka rehani ngozi ya mwingine. Akikosea, yeye hurudi nyumbani na majuto, na mnyama huondoka na jeraha. Methali husema kuwa wapiganapo tembo, nyasi huumia. Hapa tembo hupigana na nafsi yake, na bado ni nyasi zinazoumia. Ugumu unaolipwa na asiyeuchagua hauwezi kuitwa ushujaa mpaka mwenye kuuchagua awe amelipa kwanza sehemu yake.

Sehemu hiyo ni ipi? Ili kuijua inafaa kutazama jinsi risasi inavyoua. Wengi hudhani kuwa risasi nzito humwangusha mnyama kwa msukumo wake. Sivyo. Kanuni ya Newton hufundisha kuwa msukumo uendao mbele hulingana na ule urudio nyuma; kama risasi ingeweza kumbwaga dubu kwa msukumo tu, ingembwaga na mpigaji pia. Risasi ya bastola huua kwa kupenya na kutoboa: moyo, mapafu, mishipa mikubwa au uti wa mgongo. Haina mwendo wa risasi ya bunduki unaopasua nyama pana kandokando ya njia yake. Kwa sababu hiyo risasi nzito iliyopenya tumboni si rehema hata kidogo, na risasi ya wastani iliyopita katikati ya mapafu ni mauti ya upesi. Nguvu husaidia kufika ndani. Haisaidii kufika mahali.

Na nguvu hiyo hiyo, ikizidi, humnyang'anya mtu uwezo wa kufika mahali. Bastola ya Magnum hurukia juu na nyuma kwa ukali, na mlipuko wake huweza kudhuru masikio yasiyokingwa. Mwili wa mtu hauhitaji kufundishwa mara nyingi ili uogope. Baada ya risasi chache mkono huanza kushtuka kabla baruti haijawaka, jicho hufumba, na mtutu huinama wakati ule ule unapotakiwa kutulia. Wauza silaha wa Marekani hupenda kusimulia habari za bastola zirudishwazo dukani karibu mpya, pamoja na kisanduku cha risasi 50 ambamo zimepungua 6 tu. Kisa hicho huchekesha, lakini aliyeirudisha bastola yake ni mwungwana kuliko yule aliyekaa nayo kwa kuona haya, akaingia nayo msituni.

Keith mwenyewe aliacha kisa ambacho wawindaji hawajaacha kukibishania. Alisimulia kuwa kulungu aliyejeruhiwa na bunduki ya mwenziwe alikuwa anatoroka, naye akampiga kwa .44 Magnum kutoka umbali wa yadi 600 hivi. Wengine hawasadiki. Wengine husadiki na kushangilia. Lakini kwa mwenye kupima mema na mabaya, ukweli wa umbali si kiini cha kisa. Kulungu yule alikuwa amekwisha kuumizwa. Kumwacha kulikuwa ni kumwacha ateseke, na risasi ya kubahatisha ilikuwa heri kuliko kutotupa yoyote. Risasi hiyo hiyo, kama ingetupwa kwa kulungu mzima anayekula majani kwa amani, ingekuwa kamari juu ya uhai wa mwingine. Tendo lilikuwa moja, silaha moja, umbali mmoja. Tofauti ilikuwa katika deni lililokwisha kuwapo. Kwa hiyo wanaokitumia kisa hicho kama ruhusa ya kupiga mbali huchukua dawa ya mgonjwa wakaifanya chakula cha mzima.

Basi haki haimo katika baruti wala katika kupungukiwa na baruti. Imo katika mpaka ambao mtu hujiwekea kabla ya kuiona pembe. Mwindaji mwadilifu huchagua risasi kubwa kuliko zote ambazo mkono wake huzitawala bila hofu, wala si kubwa kuliko zote zilizomo dukani. Hujizoeza kwa risasi laini, kwa kuwa bastola ya .44 Magnum hukubali pia .44 Special, kisha hupanda daraja polepole. Hupima umbali ambao risasi zake zote, na si ile moja ya bahati, huingia katika duara la sentimita 20 hivi, kadiri ya moyo na mapafu ya kulungu. Na hupima akiwa amechuchumaa na pumzi zikimwenda mbio, kama itakavyokuwa msituni. Umbali huo ukiwa mita 40, basi kulungu aliye mita 60 si wake. Amruhusu apite.

Sheria haiwezi kumfanyia kazi hiyo. Majimbo mengi ya Marekani huruhusu uwindaji wa bastola, na baadhi yake huweka kipimo cha chini cha risasi. Lakini hakuna jimbo liwezalo kupima mtetemo wa mkono wa mtu alfajiri, peke yake, mbele ya mnyama aliyemngoja mwaka mzima. Hapo hapana shahidi ila dhamiri, na dhamiri isiyozoezwa hushtuka kama mkono usiozoezwa. Bastola huweza kusifiwa kwa kishindo chake. Mwindaji hupimwa kwa risasi alizorudi nazo nyumbani.